Grini tii haitoi kitambi, ila kwenye mafuta ya damu kuna kitu kidogo

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka zake aende. Grini tii unayochovya kwenye kikombe haitakutoa kitambi. Kolesteroli inaweza kuishusha, ila kidogo, na vidonge vyake ukivifakamia ovyo unaweza kujikuta unatibiwa ini wakati ulienda kutafuta kiuno. Basi. Waliobaki vuteni kiti maana maelezo yana urefu wake na mimi nikianza huwa sijui kukata maneno.

Kipindi hiki cha kuelekea mwisho wa mwaka hapa Dar kila wikiendi kuna kitchen pati au sendofu, sare ya kitenge imeshakatwa, fundi ameshachukua vipimo, alafu ghafla kila mtu anataka tumbo liwe limerudi ndani wiki mbili kabla ya shughuli. Hapo ndo biashara inapochangamka. Ukifungua Instagram, ukipita Kariakoo, hata kwenye status za watu unaowaheshimu utakuta paketi ya kijani ina picha ya mdada asiye na tumbo hata la kuazima, na maandishi inayeyusha mafuta, inasafisha damu, inatoa sumu, delivari bure Dar nzima, mikoani tunatuma. Na mimi inboksi imejaa swali lile lile, eti dada hii kitu inafanya kazi kweli?

Swali lenyewe linachanganya vitu viwili. Kuna grini tii yenyewe, na kuna hizi "chai za kupunguza tumbo" ambazo ukigeuza boksi ukasoma yale maandishi ya mchwa chini unakutana na sena. Sena ni dawa ya kulainisha choo, halali kabisa, hata hospitali wanampa mtu aliyefunga choo. Ile kemikali yake inapita mpaka utumbo mpana, bakteria wa huko wanaivunja, ndo inaanza kuuchokoza utumbo usukume na usifyonze maji. Sasa jiulize chakula kinafyonzwa wapi? Kwenye utumbo mwembamba, huko juu, kabla sena haijaamka. Yaani ile chipsi mayai ya jana usiku mafuta yake yalishaingia mwilini zamani, kinachotoka alfajiri unapokimbilia chooni ni maji, uchafu na madini kama potasiamu ambayo moyo wako unayahitaji. Mizani itasoma kilo moja pungufu, utafurahi, utakunywa maji, itarudi. Kwahiyo chai inayokuamsha saa kumi usiku tumbo linanyonga tuiweke pembeni, siyo mada yangu leo, japo naona ndo inayouzika kuliko zote kwa sababu mteja anaona kabisa "kazi" inafanyika.

Turudi kwenye grini tii ya kweli. Mmea ni huu huu wa chai yetu ya Mufindi, Njombe, Rungwe na kule Lushoto, hakuna mti mwingine wa ajabu uliofichwa Uchina. Tofauti inakuja baada ya kuchuma. Chai yetu ya kawaida jani linakatwakatwa na kuachwa lipigwe na hewa, kimeng'enya kilichomo humo humo kwenye jani kinazigeuza katekini, kemikali za asili za jani la chai, kuwa vitu vingine vyenye wekundu, theaflavini na wenzake, ndo unapata ile rangi na ukali tuliozoea. Ya kijani hawaiachi ifike huko, Wajapani wanaipiga mvuke mapema, Wachina wengi wanaikaanga kwenye karai kavu, kimeng'enya kinakufa na katekini zinabaki zilivyokuwa. Kubwa yao ni EGCG, jina lake refu epigalokatekini galeti, na sitalitaja tena. Kafeini nayo imo, watu wanasahau, wanakunywa saa tatu usiku alafu wanalalamika usingizi hauji.

Hii stori ya kuchoma mafuta haikutoka hewani, na hapa niwatendee haki wauzaji. Mwaka 1999 watafiti wa Geneva kule Uswisi, akina Dulloo, walichukua wanaume 10 wenye afya, wakawaweka kwenye chumba maalumu cha kupimia nishati mtu anayotumia kwa masaa 24, siku moja wamepewa ekstrakti ya grini tii, yaani dondoo yake iliyokolezwa, siku nyingine kafeini tupu ya kiasi kile kile, siku nyingine kidonge hewa kisicho na dawa yoyote. Siku ya grini tii miili ilitumia nishati zaidi kwa kama asilimia 4 ukilinganisha na kidonge hewa, na mafuta yaliyochomwa yakaongezeka. Kafeini peke yake kwa kiasi kile haikufua dafu, ndo maana wakasema kuna kitu kwenye katekini.

Wanachofikiri kinatokea ni hivi. Mwili una homoni inaitwa noradrenalini, hiyo ndo inaziambia seli za mafuta ziachie mzigo, kama konda wa daladala anavyopiga bodi kuruhusu gari iondoke. Sasa kuna kimeng'enya kazi yake ni kuivunja noradrenalini ili kelele zisiendelee siku nzima. EGCG inakibana hicho kimeng'enya, kafeini inazuia breki nyingine ndani ya seli, kwahiyo ujumbe unakaa muda mrefu zaidi. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana. Na wengi wanaouza wanaishia hapo hapo kwenye karatasi.

Asilimia 4 ni ngapi lakini? Ni kama kalori 80 kwa siku. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4, kalori 16. Piga hesabu, kalori 80 ni vijiko vitano. Haya sasa tuambizane ukweli, nani hapa Dar anaweka kijiko kilichosawazishwa? Tunaweka vya mlima, vitatu kwa kikombe kimoja, asubuhi na andazi, saa nne ofisini na chapati, jioni tena na vitumbua kwa mama pale kona. Yaani hiyo faida yote waliyoipata wale wanaume kwenye kile chumba unaifuta na kikombe kimoja cha chai ya rangi kabla hata hujafika Ubungo. Nimeona mtu kwa macho yangu anatia sukari vijiko viwili kwenye grini tii "ipunguze uchungu", alafu anasubiri tumbo liondoke.

Na kingine, kupima masaa 24 kwa watu 10 ni kitu kimoja, mtu kupungua kwa miezi ni kitu kingine. Mwaka 2012 Cochrane, hawa ni watu ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyachambua pamoja, waliangalia majaribio ya grini tii kwa watu wenye uzito uliozidi, yaliyodumu wiki 12 kwenda juu. Yaliyofanyika nje ya Japani wastani wa tofauti kati ya waliotumia na wasiotumia ulikuwa kilo 0.04. Gramu 40! Ukivua hereni na saa kabla ya kupanda mzani unapunguza zaidi ya hapo. Ya Japani yalitofautiana mno, kuanzia kilo 0.2 mpaka 3.5, hata kuyajumlisha pamoja hawakuweza.

Kwanini Japani inaonekana kufanya vizuri? Mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana ni ya mwaka 2005, wanaume 35, wiki 12, kila siku chupa moja ya chai, kundi moja chupa ina miligramu 690 za katekini na lingine miligramu 22 tu. Wa kwanza walipungua kilo 2.4, wa pili 1.3. Kiuno na mafuta ya mwili pia vilishuka zaidi kwa wale wa kwanza. Tofauti ipo, siikatai, ila angalieni mambo mawili, hata wale wasiopewa katekini za maana walipungua kwa sababu wote walikuwa wamepangiwa chakula, na watafiti walikuwa wa kampuni ya Kao ambayo inauza kinywaji cha aina hiyo hiyo. Haimaanishi wamedanganya, inamaanisha tu usome ukiwa umevaa miwani. Wengine wanasema labda ni suala la vinasaba, kile kimeng'enya hakifanani kwa watu wote duniani, wengine wanasema ni kafeini, maana kuna utafiti wa Maastricht, Uholanzi, wa mwaka 2005 pia, ambao waliokuwa hawajazoea kafeini ndo walioonekana kufaidika, waliozoea hawakupata kitu cha maana. Sisi ambao chai ni asubuhi mchana jioni tangu tuko shule ya msingi, sijui mwili wangu bado unashtuka na kafeini kweli.

Alafu kuna ule wa Minnesota, Marekani, mimi huo ndo ulionimaliza. Wanawake zaidi ya 1,000 waliokwisha koma hedhi, mwaka mzima, nusu wanameza kapsuli za grini tii zenye katekini miligramu 1,315 kwa siku, nusu wanameza za uongo bila kujua. Mwaka umeisha, wale 121 wenye uzito uliozidi waliochunguzwa uzito na mafuta ya mwili hawakutofautiana. Dozi kubwa vile, muda wote ule, na kitambi kiko palepale.

Lakini kolesteroli ilishuka. Na hapa ndo nilipokaa kitako kusoma kwa sababu baba watoto alipimwa mafuta ya damu, ile wanaita lipid profaili, LDL, ile kolesteroli mbaya, ikaja juu ya mstari, daktari akasema tuanze na chakula na mazoezi, arudi baada ya miezi mitatu. Kwahiyo swali kwangu halikuwa la kiuno tena.

Kinachotokea ni utumboni. Mafuta na kolesteroli ili viingie mwilini inabidi kwanza nyongo ivichanganye viwe vitone vidogo sana vinavyoweza kupita, sasa katekini zinaingilia huo mchanganyiko, kolesteroli kiasi inashindwa kufyonzwa inatoka na choo. Pia kwenye majaribio ya maabara katekini zinafanya ini liongeze vipokezi vya kuiokota LDL kwenye damu. Mwaka 2011 watafiti walijumlisha majaribio 14 yenye watu 1,136, kolesteroli yote kwa ujumla ikashuka kwa miligramu 7.2 kwa desilita na LDL 2.2 hivi. Mwaka 2020 wakajumlisha tena, sasa majaribio 31, watu 3,321, wakapata 4.7 na LDL 4.6. Maabara zetu nyingi zinaandika kwa milimoli, kwahiyo hiyo ya 2020 ni kama 0.12 kwenye karatasi yako. Kama LDL yako ni 4.2 itasoma 4.08. HDL, ile nzuri, haikupanda. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, nazo hazikushuka kwa kuaminika, na hizo ndo zinazopandishwa na sukari, soda, wanga wa sahani iliyojaa na bia za Ijumaa.

Kwahiyo inafanya kazi? Ndiyo, inafanya kazi ndogo inayopimika. Dawa za statini zinashusha LDL kwa asilimia 30 mpaka 50 kutegemea na dozi. Ule wa Minnesota, kwa dozi ile kubwa ya kapsuli, LDL ilishuka kama asilimia 4. Mtu aliyeandikiwa statini akaiacha eti anatumia grini tii ya asili anajifanyia kitu kibaya sana, na nawajua watu wa hivyo, mmoja ni mzee wetu wa hapa mtaani ambaye kila nikimwambia baba yangu endelea na dawa ananijibu mwanangu dawa za kizungu zina kemikali. Kwani EGCG ni nini mzee wangu, si kemikali?

Japani kuna utafiti mwingine maarufu, mkoa wa Miyagi, watu zaidi ya 40,000 waliofuatiliwa mpaka miaka 11 (kwa vifo vya moyo mpaka miaka 7), matokeo yakatoka 2006, wanaokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa wachache zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa kuliko wanaokunywa chini ya kimoja, hasa wanawake. Wauzaji wanaupenda huo. Ila hao ni watu wanaoishi maisha yao tu, hakuna aliyegawiwa nani anywe nani asinywe, na chai yao haina sukari, na hawaisindikizi na sambusa.

Sasa vidonge. Wifi yangu anauza. Nampenda, ni mtu wa watu, ila tumeshindwana hapa. Aliniletea kopo la kapsuli za "ekstrakti ya grini tii" kwa ajili ya kaka yake, akasema ameze mbili asubuhi kabla hajala kitu ndo zinashika vizuri. Nikageuza kopo, hakuna palipoandikwa EGCG miligramu ngapi. Nikamwambia wifi, hii siwezi kumpa. Akanijibu wifi, kitu cha asili hakina madhara. Nikamtumia maelezo kwenye WhatsApp, marefu, tiki mbili za bluu, kimya, kesho yake kaweka status ya dawa ya kuongeza hipsi.

Nilichomwandikia ni hiki. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilipitia ushahidi ikasema kuanzia miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge, vipimo vya ini kwa baadhi ya watu vinaanza kupanda, ishara kwamba ini linaumia. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya wakaiwekea sheria, dozi ya siku isifike 800, na kopo liandikwe kabisa usitumie tumbo likiwa tupu. Yaani kinyume na maelekezo ya wifi! Tumbo likiwa tupu EGCG inaingia kwenye damu kwa wingi zaidi, ni kweli "inashika vizuri", na ndo hatari yenyewe. Kule Minnesota kama wanawake 5 kati ya 100 waliomeza kapsuli halisi vipimo vya ini viliharibika kwa kiwango cha kueleweka, wakati wa kundi lingine hawakufika hata 1 kati ya 100. Wengi vilirudi kawaida walipoacha, lakini wale walikuwa wanapimwa damu kila mara. Wewe unayenunua kwenye status nani anakupima? Ukianza kuona macho ya njano, mkojo wa rangi ya kokakola, mwili unawasha, acha na uende hospitali na hilo kopo mkononi.

Chai ya kuchovya haina kesi hiyo kwa watu wengi, kikombe kimoja kina EGCG kidogo sana ukilinganisha na hizo dozi, na unakunywa taratibu. Kuna mengine mawili matatu tu. Chai yoyote, ya kijani au nyeusi, inazuia madini ya chuma yanayotoka kwenye mboga na maharage yasifyonzwe, kwahiyo mjamzito au mwenye upungufu wa damu asinywe na chakula, aiache saa moja hivi ipite. Hii tunaikosea sana, wali maharage na chai pembeni. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amwambie daktari wake kabla ya kuanza vikombe vingi au vidonge. Na kuna dawa ya presha inaitwa nadolol, Wajapani walijaribu, grini tii ilifanya dawa iingie kwenye damu kidogo mno, ikapungua zaidi ya robo tatu. Unaweza ukawa unameza dawa kila siku na presha haishuki, kumbe chai.

Ukitaka kuinywa, usiichemshe kwenye sufuria na majani kama tunavyofanya hii yetu, itakuwa chungu utaichukia. Maji yakichemka yaache yapoe dakika chache, mimina, dakika tatu toa kifuko. Ndimu sawa, tangawizi sawa, mchaichai sawa, sukari hapana. Kama ulikuwa unakunywa chai tatu za sukari kwa siku ukabadilisha ukaweka grini tii kavu, utapungua kweli, na sifa yote utaipa katekini wakati aliyefanya kazi ni ile sukari uliyoiacha.

Baba watoto mwenyewe alionja vikombe viwili, akasema inanuka majani ya ng'ombe, hataki. Anakunywa chai ya rangi ya tangawizi bila sukari, andazi amebakiza moja la Jumamosi, na jioni anashuka kituo kimoja kabla anatembea. Chai nyeusi nayo imejaribiwa, tafiti nyingine LDL imeshuka kidogo nyingine haikushuka, sikuona sababu ya kugombana naye. Kipimo anarudia mwezi ujao, LDL ikigoma kushuka tutaongea na daktari habari za statini.